Nyayo Ulizosema Zimetoka

Mjomba wangu Chacha,

Nakuandikia kutoka chumba cha walimu hapa Oyugis, saa tisa alasiri. Wanafunzi wako uwanjani, walimu wenzangu wamekimbilia sokoni kabla mvua haijashuka, na mimi nimebaki na daftari za kidato cha tatu ambazo nimejifanya nazisahihisha. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwahi kuwa na lugha nyingine. Wewe ulikuwa na Kikuria chako, mimi nilikuwa na Dholuo ya kisiwani kwa baba, na mama, dada yako, aliyekuwa na zote mbili, alichoka mapema kututafsiria. Siku ya kwanza aliponileta kwako likizoni kutoka Mfangano alituambia tujisaidie na Kiswahili, kisha akaingia jikoni kwa mkeo kupiga gumzo. Tukajisaidia nacho mpaka ulipofariki. Chako kilikuwa cha mnadani, changu cha darasani, na kila mmoja alimcheka mwenzake.

Barua hii nitaiacha wazi, anayetaka kuisoma aisome. Najua hukupenda mambo ya nyumbani yatembee barabarani. Lakini neno ninalotaka tulizungumze ulilisema mbele ya watu, wa pande zote mbili za mpaka, na siwezi kukujibu kwa kunong'ona.

Nianze na habari njema, usije ukasema mpwa wako amekosa adabu. Nimemaliza kuandika tasnifu ya shahada ya uzamili, na Alhamisi ijayo nitasimama mbele ya jopo kuitetea. Somo lenyewe ni usalama wa kimataifa, historia na sayansi ya siasa zikisomwa pamoja. Nakuona unavyokunja uso. Nilipokuwa nikifikiria kuomba nafasi hiyo nilijaribu kukueleza, ukaniuliza kama nitapewa bunduki. Nikasema hapana, nitapewa vitabu. Ukasema basi huo ni usalama wa karatasi, ukaendelea kunoa panga lako.

Darasani tulikuwa wachache. Alikuwepo mwanajeshi mmoja, afisa wa forodha, dada mmoja aliyetoka shirika la misaada, na wengine waliotaka tu kupandishwa vyeo. Kila mtu alikuja na mada yake. Huyu makombora, yule mashambulizi ya mitandao, mwingine maharamia wa baharini. Zamu yangu ilipofika nikasema ng'ombe. Darasa zima likacheka, na mwanajeshi akauliza kama ni ng'ombe wa nyuklia. Nilisubiri kicheko kiishe, kisha nikawaeleza habari zako.

Niliwaambia kwamba huko kwenu milimani, ng'ombe wakiibiwa, wenyewe hufuata nyayo. Nyayo zikiingia kwenye ardhi ya kijiji kingine hupigwa yowe, na watu wa kijiji hicho hutoka kuzipokea. Tangu hapo nyayo ni zao. Lazima wazifuate mpaka waonyeshe zilipotokea kwenda kwa jirani, na jirani naye azipokee. Wakishindwa kuonyesha zilipotokea, ni juu yao kulipa ng'ombe hao, hata kama hakuna mtu wao aliyeiba. Nikawaambia kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania haukubadilisha chochote katika jambo hilo. Polisi walikuwa wakifika kwenye kigingi cha mpaka wanasimama, wanaanza kuulizana habari za kibali kutoka juu. Ninyi mlikabidhiana nyayo palepale kwenye kigingi, asubuhi hiyohiyo, bila kibali cha mtu. Na aliyezipokea na kuzikabidhi kwa niaba ya kijiji chenu alikuwa mjomba wangu.

Afisa wa forodha ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alisema nchi kubwa zimekaa mezani miaka mingi zikibishana juu ya kanuni hiyohiyo, kwamba uovu ukipitia kwenye ardhi yako, ni juu yako kuonyesha kwamba uliutafuta. Mada yangu ikapita siku hiyo.

Nilipewa wasimamizi wawili, na hapo nikaelewa kwa nini mtu huolewa na mume mmoja. Wa historia ni mama mwenye miwani mizito, na pembeni mwa kila ukurasa aliandika kwa penseli, nani aliona? Wa siasa ni profesa asiyependa hadithi ndefu, naye kila ukurasa aliuliza nadharia iko wapi. Nikimfurahisha huyu, yule ananuna. Walikubaliana kwa jambo moja tu, kwamba tanbihi zangu zimezidi. Nikiandika kwamba mwaka fulani mvua ilichelewa, naweka vitabu vitatu chini ya ukurasa kuithibitisha hiyo mvua. Siku moja yule mama aliweka penseli chini akaniuliza, "Boke, nani alikuambia kwamba huoni?"

Nilicheka tu. Sikujua kwamba swali hilo lina jibu, na kwamba jibu lenyewe ni wewe.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Nilikuja kwako nikiwa mtoto wa ziwani, hodari wa kuanika dagaa tunaowaita omena, lakini ng'ombe akinigeukia napanda juu ya uzio. Wanao walinicheka. Wewe hukunicheka, ulinichukua tu kila asubuhi tukatembea nyuma ya mifugo. Ulivua akala zako za tairi ukazishika mkononi, maana ulisema huwezi kukanyaga kitu unachotaka kukisoma. Ulinionyesha kwamba ng'ombe anayetembea kwa hiari hula njiani, kwa hiyo nyasi za pembeni zitakuwa zimekatwa, na anayeswagwa na mgeni hapati nafasi ya kula. Ulinionyesha kwato za ng'ombe mwenye mimba, za aliyechoka, za aliyekuwa akigeuka nyuma kumtafuta ndama. Nikiinua macho kutazama mifugo yenyewe ulinigusa kisogoni.

"Hapana angalia ng'ombe," ulisema. "Ng'ombe inaenda. Angalia chini."

Mama alipoleta omena kutoka kisiwani ulihamia nje ya nyumba mpaka harufu iishe. Uliwaita wadudu. Mimi ukaniita mtu wa samaki, na nililipenda jina hilo kwa sababu wanao hawakuwa na jina lao la pekee. Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kunisikiliza namna ile. Nilikupenda sana, Mjomba, na nataka hilo lisimame hapa kabla sijaendelea.

Sasa tuje kwenye asubuhi ile. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Yowe lilisikika tukinywa uji, na tulipofika kwenye mpaka wa kijiji tuliwakuta watu waliofuata nyayo kutoka kwao, wamechoka, umande umewafika magotini. Ng'ombe walikuwa sita. Mwenyewe akaeleza kwamba mmoja ana ufa kwenye kwato ya mbele, mguu wa kulia. Ukaniita mbele ya wanaume wote, ukanionyesha alama ya ufa huo kwenye udongo, ukaniambia niishike hiyo nisiiachilie mpaka useme basi. Sidhani kama nimewahi kujivuna tena kama nilivyojivuna siku hiyo, hata nilipovaa joho la digrii ya kwanza.

Niliishika. Nilitembea nimeinama mpaka shingo ikauma, nyinyi mkinifuata, mkizungumza mambo yenu. Tulipofika kwenye uzio wa katani, pale njia inapogawanyika, mkono mmoja ukishuka kwenye kigingi na mwingine ukiingia kwenye boma la Marwa, ule ufa ukageuka. Ukaingia bomani. Niliuona mara tatu, mmoja nyuma ya mwingine, kisha wa nne ukiwa umekanyagwa nusu. Nikakuambia, Mjomba, zimeingia hapa.

Watu wakasimama. Ukaja, ukachuchumaa, ukaweka vidole viwili ndani ya ile alama. Ulikaa hapo muda mrefu. Nilikuwa karibu nawe kuliko mtu mwingine yeyote na nilikuona ukiuangalia ufa wenyewe. Halafu ukasimama ukacheka.

"Hiyo ni ya jana," ulisema. "Huyu ni mtu ya samaki, hajui jana na leo."

Wote wakacheka. Mkateremka kwenye kigingi, na mimi nikabaki kwenye uzio wa katani nikijifuta pua kwa mkono wa gauni. Nilisikia kwa mbali ukiwaambia wazee wa upande wa pili kwamba nyayo zimetoka kwetu, wazipokee. Wakazipokea.

Kilichofuata sikukijua, kwa sababu shule zilifunguliwa nikarudi Mfangano. Nilirudi na fundisho moja tu. Kwamba mimi nikiona kitu, pengine sikukiona. Nimeishi na fundisho hilo, Mjomba. Katika mitihani nilifuta majibu sahihi nikaandika ya jirani. Mwanamume wa kwanza aliyeniposa nilimwona wazi kwamba ni mwongo, nikajiambia nimekosea, nikapoteza miaka miwili. Ndiyo maana tanbihi zangu zilijaa vile, kila neno langu nilitaka lishikwe mkono na mtu mwingine.

Mwaka jana nikavuka mpaka na kinasa sauti kwenye simu, kutafuta watu wanaokumbuka jinsi vijiji vilivyopokezana nyayo. Niliambiwa nimwone Bibi Nyangi, mjane, nyumba ya kwanza ukishavuka kijito. Nilimpa shikamoo, maana huko ukiamkia "habari" wanakuona umelelewa na wanyama, akaniitikia marahaba akanipa kiti cha chini chenye ngozi. Nilijitambulisha kama Boke, mwalimu, kutoka Homa Bay. Yote kweli. Sikutaja wajomba zangu kwa sababu hakuuliza.

Alinisimulia polepole habari za mumewe, Mwita. Asubuhi moja nyayo za ng'ombe sita zilikabidhiwa kutoka ng'ambo. Wazee wa kwao wakazipokea, wakateremka nazo hadi kijitoni ambako mifugo yote ya pale hunywa maji, na hapo zikapotea, kwato juu ya kwato. Nyumba iliyokuwa karibu ni ya Mwita. Hakuweza kuonyesha zilipotokea. Ng'ombe wakatolewa bomani mwake wakapewa wenyewe, na kwa desturi jambo lingekuwa limeisha. Lakini watu hawakuliacha. Walioongea naye walianza kufunga mazizi mapema. Pombe ya wazee ikinywewa, hakuitwa. Akahamia mbali, tambarare, akafia huko, na Bibi Nyangi alirudi kwake na mwili.

Nilimuuliza nani alikabidhi nyayo. Nilikuwa naandika, sikuinua hata kichwa.

"Chacha wa ng'ambo," alisema. "Mtu mwaminifu sana. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza."

Nilizima kinasa sauti. Nikamwambia nitarudi, nikaaga vibaya, na nikatembea mpaka barabarani bila kukumbuka nimepita wapi. Mjini Migori niliketi hotelini mbele ya chai mpaka ikaota utando. Ufa ule nilikuwa nauona vizuri kabisa, kwenye udongo mwekundu, umande ukiwa pembeni mwake lakini si ndani yake. Nyayo za jana huwa zimelowa umande mpaka ndani. Ulinifundisha mwenyewe.

Sababu niliijua siku chache baadaye, nilipomuuliza mkeo, Mama Robi, kama wewe na Marwa mlikuwa na uhusiano wowote. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Mlitahiriwa msimu mmoja. Mlisimama bega kwa bega baridi ya asubuhi ile mkiwa wavulana, na mtu wa rika lako huwezi kumkabidhi kwa wageni hata kama amekukosea wewe mwenyewe. Kwa hiyo palikuwa na sheria mbili pale kwenye uzio wa katani, zote za kwenu, zote za zamani kuliko kigingi, na ulikuwa na dakika chache za kuchagua huku umechuchumaa. Nimeandika hayo katika sura ya nne. Profesa wa siasa alifurahi mno, akasema hatimaye nadharia imepatikana. Nilitamani kumrushia ile nadharia usoni.

Kwa maana nilikukasirikia, Mjomba. Siyo kwa sababu ulimficha rafiki. Hilo naweza kulielewa, na pengine ningelifanya. Nilikukasirikia kwa sababu palikuwa na njia nyingi za kuninyamazisha na ukachagua ile iliyonifanya nisijiamini. Ungeweza kuniambia niende nyumbani. Ungeweza kunipiga kofi, nikalia, yakaisha. Ulichukua jina ulilonipa kwa upendo ukanipiga nalo mbele ya watu. Na Mwita, ambaye hakuwa wa rika lako wala wa ukoo wako, ulimlipisha urafiki usiomhusu.

Kisha nikakumbuka siku ile mjini Migori. Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo kikuu, ukasafiri kuja kunipongeza, umevaa koti la kanisani. Kwa miaka mingi ulikuwa umeacha kwenda kupokea nyayo, ukisingizia goti, na kazi ilikuwa imeshikwa na wengine. Tulipoingia hotelini nilidhani utaagiza nyama. Ukaagiza samaki. Ngege mzima, na ugali. Mimi nilicheka, nikakuuliza kama umeokoka. Ulimla wote, Mjomba, pamoja na kichwa, jasho likikutoka, ukitoa miiba mdomoni kwa shida ya mtu asiyewahi kufanya kazi hiyo. Ulipomaliza ulinawa mikono, ukasema, "Nenda usome, Boke. Hapana ogopa mtu." Nilidhani ni mambo ya uzee. Sasa naona ulikuwa unaniomba msamaha kwa namna pekee uliyoiweza, na nasikitika kwamba nilicheka.

Nilipoamua kuandika yote, mwanao mkubwa alinipigia simu. Amekuwa mtu mkubwa kwenye kata, kama unavyojua alikuwa na hamu hiyo tangu zamani. Hakuwa mkali. Alisema baba ndiye heshima iliyobaki kwenye ile nyumba, kwamba waliohusika wamekufa, kwamba tasnifu inaweza kupita kwa mifano mingine mingi na siyo lazima huo. Alisema kweli. Mifano mingine ninayo, mizuri, mingi inakusifu wewe. Ningeitoa sura ya nne na hakuna mtu duniani angejua kwamba ilikuwepo. Nilikaa na jambo hilo wiki mbili, nikapungua, mpaka watoto wa kidato cha tatu wakaanza kunionea huruma.

Nilikwenda kwa Mama Robi. Nilimkuta anapepeta nafaka ya wimbi, nikamsomea sura nzima, nikitafsiri kwa Kiswahili rahisi. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza aliuliza kama ndani yake kuna uongo wowote. Nikasema hapana.

"Basi andika," alisema. "Watu walikuwa wananiuliza, Chacha ako na nini, hatumuoni kwa nyayo. Nasema goti. Miaka yote nasema goti. Hakuna siku hiyo goti iliumwa."

Baada ya hapo nilirudi kwa Bibi Nyangi. Safari hii nilianza kwa kumwambia mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia nilikuwepo, niliona, nilisema, na nilichekwa. Nilitarajia kilio, au matusi, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Aliangalia mikono yangu, halafu akaniuliza nilikuwa na umri gani. Nikamwambia miaka kumi na mmoja.

"Kwa hiyo alikuwepo mtu aliyeona," alisema. "Mwanangu, mimi nilidhani tumebaki mimi na Mungu tu."

Akamwita kijana wake mkubwa kutoka shambani, akaniambia nirudie mbele yake, nami nikarudia. Kisha akaweka sharti, moja tu. Neno lililomwangusha mumewe lilisemwa kwenye kigingi, na neno la kigingini linaondolewa kigingini. Maneno ya kitabu yeye hawezi kuyasoma. Nikimaliza kuandika, alisema, niende nikaseme pale, na wazee wawepo.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikwenda. Walikuja wazee tisa, wengine wameshikiliwa na wajukuu, wa upande wetu na wa upande wao, na mwanao naye alikuja, akasimama kando na simu yake. Jua lilikuwa kali. Nilivaa gauni la heshima na viatu vya mjini, nikajikuta nimevua viatu kabla sijafungua mdomo. Nikasema kwa Kiswahili, mtu mmoja akitafsiri, kwamba mimi ni mpwa wa Chacha, kwamba siku ile nyayo hazikutoka kwetu, na kwamba Mwita alipokea kitu ambacho hakikuwahi kuvuka. Nikasema zilipoingia. Jina la mwenye boma sikulitaja, na hata katika barua hii Marwa si jina lake, kwa sababu wanawe hawakuiba chochote. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilinishangaza mwenyewe.

Aliyesema kwanza ni Mzee Nyamhanga, ambaye siku ile ndiye aliyezipokea nyayo kutoka mdomoni mwako. Haoni tena. Aliomba aongozwe mpaka kwenye kigingi, akakipapasa kwa fimbo, akauliza kama yule mwalimu bado anaandika. Nikasema naandika.

"Andika na hili," alisema. "Chacha alisema, sisi hatukuinama. Tulikuwa tunamwamini, tukaona aibu kuinama mbele yake. Kosa ni letu pia."

Nimeliandika, Mjomba, na ndilo hitimisho la tasnifu nzima. Mpango wenu haukuvunjwa na mwizi wala na serikali. Ulivunjika asubuhi moja kwa sababu mtu mmoja aliaminiwa mpaka hakuna aliyekagua alichosema. Mama wa historia aliposoma hapo alivua miwani, akasema nimekuwa mwanahistoria. Nchi zenye majeshi makubwa huingia matatani kwa namna hiyohiyo, na mwanajeshi wetu, aliyenicheka kwa ng'ombe wa nyuklia, ameniomba nakala.

Mwita ameandikwa Mwita, kwa jina lake kamili, kama mjane wake alivyotaka. Wewe nawe umeandikwa kwa jina lako, katika sura tatu za sifa na moja ya kosa. Nilirudi pamoja na mwanao, na tulipofika kwenye uzio wa katani, ambao sasa ni waya tu, aliniuliza nimwonyeshe ni wapi hasa. Nikamwonyesha. Alisimama pale akiangalia chini kwa muda, kisha akanibebea mkoba mpaka nyumbani.

Sina hasira tena. Nimekupumzisha na nimejipumzisha. Nikiandika sasa, naandika, na vitabu naviita pale tu ninapovihitaji. Najua kwamba siku ile nilisoma sawasawa, na kitu hicho kimoja kimenirudishia mengi ambayo nilikuwa nimeyafuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Kengele imelia, lazima niende nikawaeleze watoto wa watu habari za mikataba. Alhamisi jopo litafika kwenye sura ya nne, na najua watakaponibana. Watasema ushahidi wote wa sura hiyo umesimama juu ya mtoto mmoja wa kisiwani, aliyekuwa mgeni wa ng'ombe, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Wataniuliza kwa nini wamwamini. Nitawaambia kwamba kusoma nyayo alifundishwa na Chacha.

Lala salama, Mjomba.

Mpwa wako,
Boke